Springi fupi au koilova? Altezza, matuta yetu na chumvi yetu

MpakaFuoni
Assalaam aleikum wakubwa. Nna Toyota Altezza RS200 ya 2001, gari nzima haina tatizo ila imekaa juu kama inasubiri mafuriko, baina ya tairi ya mbele na fenda napitisha ngumi nzima na nafasi inabaki. Nataka ishuke kidogo tu sitaki ya kuburuza bampa. Nimeulizia: springi fupi mpya laki sita, koilova mpya (zile springi na shokapu kwa pamoja, unapandisha na kushusha gari) milioni mbili na ushee, na kuna jamaa ana seti ya koilova mtumba wa Japani anataka laki tisa. Gari ndio hiyo hiyo, asubuhi Malindi hapa mjini Unguja kazini, Ijumaa nampakia bimkubwa na shangazi wawili wenye miili yao twende Makunduchi, mara moja moja Nungwi na washkaji. Shokapu ni zile zile iliyokuja nazo, hazivuji. Nichukue ipi?

KobeWaBububu
Weye una pesa za kuchezea. Mie nilikata springi round moja na nusu kwa grinda, elfu ishirini ya fundi na soda, ikakaa chini safi kabisa. Siku ya tatu napata pancha pale Bububu, napiga jeki, gari inapanda tairi inaning'inia, nasikia ting! springi imetoka kwenye kikalio chake imelala kwa ubavu. Watoto wa skuli wakanicheka mpaka wakakaa chini. Kwa hio mie nakwambia usikate, vyenginevyo sina cha kukushauri 😂

FundiMwera
Kobe umenichekesha lakini hilo si la kucheka, springi ingetoka ukiwa kwenye mwendo tungekuwa tunasoma hitma. Na wale wanaochoma springi kwa gesi ili ilale ndio wabaya zaidi, chuma kikishachomwa kinapoteza ile nguvu ya kurudi, leo imeshuka vidole viwili mwezi ujao imeshuka vinne, tena upande mmoja.

Sasa mwenye gari. Swali lako limekosewa pahala pamoja: unauliza springi au koilova wakati tatizo lako ni shokapu. Gari ya 2001 na shokapu zake za kuzaliwa, kutovuja si dalili ya uzima. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isirukeruke, na springi fupi ni ngumu kuliko ya kampuni kwa hio inataka shokapu yenye nguvu zaidi, si iliyochoka. Ukiweka springi za laki sita juu ya shokapu kongwe gari itacheza kama ngalawa kwenye kusi. Halafu gari ikishuka, fimbo ya shokapu inaishi imeingia ndani zaidi, ikipiga shimo inafika kwenye ile raba ya kuzuia mapema, na shokapu iliyokwisha hapo inakufa mara moja. Kwa hio springi uzihesabie pamoja na shokapu nne mpya, za kampuni ya KYB au mfano wake, ndio ulinganishe bei na koilova. Hapo utaona tofauti si kubwa kama unavyodhani.

MpakaFuoni
Fundi hapo umenikata maini. Kwa hio bora nijikakamue niende koilova moja kwa moja?

UmmuNassir
Kaka yangu subiri kwanza. Mie nna Honda Fit, nakaa Jambiani, koilova nnazo mwaka wa tatu sasa na sisemi ni mbaya, gari imekaa vizuri na kona za Jozani naingia bila kuyumba. Lakini hakuna alieniambia habari ya chumvi. Uzuri wa koilova si ile nati ya duara inayozunguka kwenye uzi wa bomba, unapandisha unashusha upendavyo? Basi mwaka wa kwanza sikuigusa hata siku moja, gari nalaza nje, bahari hatua mia mbili. Nilipotaka kupandisha kidogo kwa ajili ya masika fundi akaosha, uzi umejaa kutu ya rangi ya machungwa na mchanga mweupe umegandana kama saruji. Akatia dawa ya kutu, akangoja, akatia tena, akavunja spana ya meno, akachukua nyundo na tindo ndio nati ya kulia ikatoka. Ya kushoto mpaka leo haijatoka! Kwa hio nna koilova ambazo upande mmoja ni koilova na upande wa pili ni springi fupi ya bei ghali 🤦🏽‍♀️

Na jengine, Fit nyuma springi iko mbali na shokapu, kila kimoja kimekaa pake, ukinunua "koilova" zake nyuma unapewa springi na kikalio cha kuzungusha basi. Watu wajue wanacholipia.

MtuWaWete
Dada pole ila hapo kosa ni lako na la fundi wako, usiitukane koilova. Mie nna Mark II huku Pemba, kila baada ya miezi mitatu naosha uzi kwa maji matamu na brashi ya meno, nakausha, napaka grisi nyepesi nafunga na kitambaa cha raba nilichokata kwenye tyubu ya baskeli. Mwaka wa pili nati inazunguka kwa mkono. Na raha ya koilova usiifiche: kila ikija safari ya meli na gari nainua mbele sentimita tatu, kwa sababu ile ngazi ya kuingilia ukiwa maji yametoka inasimama wima, gari iliyoshushwa kwa springi haiingii bila kuacha midomo ya bampa pale. Nilimuona mmoja pale Mkoani anapanda mbao nne za kuazima, watu wote wanatoa amri. Springi fupi ukishaweka umeweka, imeshuka sentimita tatu ni tatu, sherehe ni tatu msiba ni tatu.

KobeWaBububu
Mpemba na vitu vyake, tyubu ya baskeli!

MtuWaWete
Cheka tu, springi yako imelala wapi saa hizi

FundiMwera
Mtu wa Wete unasema kweli lakini wangapi wana subira yako? Mie kumi nnaowafungia, tisa hawaoshi. Na kuna kitu kimoja kinaniudhi kwenye gereji. Koilova ziko za aina mbili. Kuna ambayo nati ya kikalio ndio inayoshusha gari, na kuna ambayo bomba la chini lenyewe linazunguka, likiingia ndani gari inashuka, springi hujaigusa. Sasa kijana ana hii ya pili, anakwenda kuzungusha kikalio cha springi, anaibana springi bure, anajipa urefu mdogo wa kushuka gurudumu likiwa shimoni, halafu anakuja kwangu koilova ngumu fundi zinaniumiza mgongo. Si ngumu, umezibana weye.

Na ile sukani ndogo ya juu yenye kliki si ya kushusha gari. Inabadilisha shokapu inavyozuia. Koilova za Tein Flex Z kwa mfano zina kliki 16. Kwa matuta yetu anza katikati kwenda kwenye ulaini, usifunge zote kwa sababu rafiki yako kafunga zote.

MpakaFuoni
Matuta ndio khasa. Kutoka Fuoni mpaka Mwanakwerekwe peke yake nayahesabu kwa vidole na vidole vinakwisha. Na bimkubwa akiwa nyuma kila tuta anasema "mwanangu polepole nna goti". Springi na shokapu mpya itakuwa laini kuliko koilova?

FundiMwera
Kwa kawaida ndio. Springi fupi za kampuni zilizo na adabu zinakushusha sentimita mbili na nusu mpaka tatu na ushee, na nyingi zimefanywa kwa hatua, mwanzo laini zikibanwa ndio zinakuwa ngumu. Koilova nyingi za mitaani ni ngumu mwanzo mpaka mwisho kwa sababu wametengeneza mtu akimbie. Shangazi wawili na mama ni karibu kilo mia mbili na kitu nyuma, hapo unahitaji nafasi ya springi kubanwa, ukishusha sana nafasi hio umeila mwenyewe.

UmmuNassir
Na tairi fundi, mwambie habari ya tairi. Yangu ya mbele ukiitazama kwa nje mpya kabisa, nikapitisha mkono kwa ndani nikachomwa na waya. Waya!

FundiMwera
Hapo kila mtu analaumu gurudumu kulala kwa ndani juu. Hilo linakula tairi polepole. Kinachokula haraka ni magurudumu kutokwenda sambamba, moja linatazama ndani au nje, tairi inaburuzwa kwa ubavu kila mita unayokwenda. Gari ikishuka vyote viwili vinabadilika, iwe springi iwe koilova, kwa hio alaimenti, yaani kupanga magurudumu yakae sawa, ni lazima, na usiende siku ile ile, wacha springi zikae wiki moja kwanza. Na mwambie anaekufungia asikaze bolti za bushi, zile raba za maungio, gari ikiwa juu ya jeki inaning'inia. Aishushe kwa matairi yake, ndio akaze. La sivyo bushi inabaki imesokotwa maisha yake yote, miezi michache unasikia kwekwe kwekwe unafikiri ni boljointi.

MpakaFuoni
Na ile seti ya mtumba ya laki tisa? Jamaa kaniita nikaitazame Amani.

MtuWaWete
Nenda na tishu. Shika ile fimbo ya juu uifute, tishu ikija na mafuta ondoka. Halafu isukume ndani kwa uzito wako na uiachie. Zenye gesi ya kutosha fimbo inarudi yenyewe taratibu bila kukwama, ukiona imebaki chini imelala ishakwisha. Angalia nne zote zirudi kwa kasi moja. Na zungusha kila nati mbele yake, akisema "hii imebana kidogo tu" mpe salamu.

MpakaFuoni
Nimerudi kutoka Amani sasa hivi. Mbili zimerudi, moja imerudi nusu, ya nne haikurudi kabisa na jamaa ananambia "ikipata joto itarudi". Nati sikugusa hata moja nimeona aibu kwa niaba yake.

Nimeamua springi na shokapu nne mpya. Wete samahani, mie sina mkono wa kuosha uzi na brashi ya meno, hata gari yenyewe naosha Idi mbili. Fundi Jumamosi upo?

FundiMwera
Nipo baada ya adhuhuri. Njoo na gari tupu, toa lile sanduku la spika nyuma, nataka kupima urefu wa kweli kabla na baada. Na springi zako za zamani zifunge uziweke ndani, usimpe mtu.

KobeWaBububu
Springi za zamani za RS200? Ndugu yangu Mpaka hebu kuja inbox kidogo

FundiMwera
Nimesema usimpe mtu.