Shahada ya baiolojia Zanzibar: nani anaandika hizi "sifa za mwombaji"?

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Leo limenifika kooni. Limetoka tangazo jengine la kazi, msaidizi wa utafiti wa mambo ya bahari, kituo Unguja. Sifa za mwombaji: shahada ya uvuvi, ya sayansi ya bahari, ya mazingira "au inayolingana nazo". Nikaomba. Nikapiga simu kuulizia, naambiwa baiolojia hailingani. Hailingani na nini? Nimesoma ikolojia ya bahari, nimesoma takwimu, nimesoma samaki kuanzia mapezi mpaka mayai. Aliyenijibu hakufungua hata karatasi yangu ya matokeo. Alisoma jina la shahada, akamaliza.

Na si mimi peke yangu. Katika tuliomaliza pamoja, mmoja yuko mapokezi ya hoteli Nungwi, mmoja anauza vipodozi Darajani, mmoja karudi kwao Konde anamsaidia babake kuanika karafuu. Kazi zote hizo ni za halali na sizidharau. Lakini hawa wamekaa maabara miaka 3 kwa mkopo, na deni bado linawasubiri.

Ukilalamika, kila mtu ana jawabu moja: nenda kafundishe. Nimekwenda. Tunasikia kila siku skuli zina upungufu wa walimu wa sayansi, lakini ajira ya ualimu inataka ualimu ndani ya cheti. Basi urudi chuo, mwaka mwengine, ada mfukoni mwako, ndipo uombe. Hospitali nako wanataka usajili wa baraza, na wanaosajiliwa ni waliosomea maabara ya afya. Hilo la hospitali nalikubali, damu ya mgonjwa si kitu cha kujaribia. Ila kwa nini hakuna aliyetwambia haya mwaka wa kwanza? Tulikalishwa ukumbini tukaambiwa ukisoma baiolojia milango yote iko wazi. Chuo kinajua fika kuwa si kweli, na kila mwaka kinapokea wapya na kuwaambia yale yale.

Sasa nije kwenye linalonichoma khasa: kujitolea.

Nilichukuliwa na mradi mmoja wa kichocho. Kazi yenyewe ni kazi ya maana. Unaingia mitoni na madimbwini na buti za mpira, unachota konokono, maana ndio wanaobeba minyoo ya kichocho, kwa chujio la mpini mrefu, unawafikisha maabara wakiwa hai. Kila konokono unamtia kwenye kigilasi chake cha maji, unaviweka vigilasi kwenye mwanga kwa saa kadhaa, kisha unatazama kwa hadubini kama kuna vibuu vinavyotoka. Kibuu cha kichocho mkia wake umegawika panda mwishoni, na vipo vya minyoo ya wanyama vinavyofanana navyo sana. Ukikosea, shehia nzima inaandikwa ina maambukizo na kumbe haina, au inaachwa bila dawa na kumbe watoto wanakojoa damu. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye ile hadubini mpaka macho yanatoka machozi. Malipo yangu nauli na chakula cha mchana, tena nauli yenyewe inachelewa. Mradi ulipokwisha tukaambiwa ahsanteni, uzoefu mmeupata. Nimeichukua barua ya uzoefu huo kwenda kuombea kazi, jawabu: huu ulikuwa wa kujitolea, sisi tunataka uzoefu wa ajira. Wallahi nilitoka pale miguu haina nguvu.

Na mtu asinambie visiwa hivi havina haja nasi. Mbung'o Unguja walimalizwa na baiolojia: madume yalizalishwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, yakamwagwa kutoka kwenye ndege, majike yakapandwa yasizae, mpaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina tena mbung'o. Kisiwani Pemba, maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi ipo tangu 2000, inafanya kazi ya minyoo na kichocho.

Mwani ndio usiseme. Kilimo chake cha biashara kilianza 1989 upande wa mashariki, na mama zetu wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa mwani. Leo kotonii, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei, inakufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyozidi joto. Kikonyo kinageuka cheupe, kinalainika, kinakatika. Mama anavuta kamba yake anakuta vipande. Anabakiwa na spinosamu, aina ya bei ndogo. Nani anakaa na mama huyo wa Paje au Jambiani kila bamvua, apime joto la maji, achague mbegu inayostahimili, amwambie lini asogeze kamba kwenye kina kirefu? Hiyo ni kazi yetu, tumeisomea. Wizara ya Uchumi wa Buluu tunayo tangu 2020, na waliosoma viumbe wa bahari hiyo wanapanga foleni kwenye usaili wa ukarani.

Siombi hisani. Nataka tangazo liseme kazi yenyewe inataka mtu ajue nini, na mwombaji apimwe kwa masomo aliyoyasoma na anachoweza kukifanya. Na anayemfanyisha kazi mhitimu amlipe. Mradi una fedha ya mafuta ya gari, una posho za semina, una fulana na kofia za uzinduzi, unakosaje fedha ya anayetazama hadubini?

Mnaokaa kwenye kamati za ajira mnapita humu, tunajua. Jibuni hapa hapa: nani anaziandika hizo sifa, na amewahi kumuuliza mtu wa baiolojia anajua kufanya nini? Na nyinyi mliomaliza baiolojia, wa Unguja na wa Pemba, wekeni hapa kila tangazo lililokukataeni kwa sababu ya jina la shahada. Majina yenu yaficheni. Tangazo liwekeni zima.