Tupeane uzoefu: kiti cha ofisini cha miaka ya 50 na 60, nani kakikalia kweli?

MchoraRamani_Upanga:
Wakuu, habari za jioni. Nimehamishia ofisi yangu ya kuchora ramani kwenye chumba kimoja Upanga, jengo la zamani, sakafu ya terazo, madirisha ya vyuma. Sitaki kuweka humo kile kiti cheusi cha nyavu kilichojaa kila ofisi mjini. Leo Keko nimekuta kiti cha mvule cha kuzunguka, miguu minne yenye vigurudumu, mgongo uliopinda vizuri, na chini kimegongwa mhuri "E.A.R. & H. 1974". Muuzaji anataka laki nne, anasema kilikuwa cha bosi wa reli. Mimi nakaa kitini saa nane, tisa kwa siku. Waliowahi kununua viti vya zama hizo, viliwafaa au viliwatesa? Simulieni kabla sijatoa hela.

KaraniMstaafu:
Kijana, mhuri huo umenichekesha. Nimefanya kazi reli, Tabora. East African Railways and Harbours ni jina la kuanzia 1948 hadi 1969. Baada ya hapo reli ikawa na shirika lake, bandari na lake, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafa. Sasa hao waliogonga "& H" mwaka 1974 ni akina nani? Mbao inaweza kuwa ya zamani kweli, ila mwaka kaugonga mtu mwenye haraka. Hadithi ya bosi itoe kwenye bei.

Viti vyenyewe navikumbuka. Mkubwa alikuwa na chenye mikono na mto wa ngozi. Sisi makarani tulipewa cha ubao mtupu, umechongwa mabonde mawili ya makalio. Na chetu ndicho kilikuwa kizuri, maana mto wa mkubwa ulishabonyea, akikaa anaonekana kama yuko ndani ya karai.

MamaHesabu_Nrb:
Mimi nilipima kiti, sikupima meza. Nilikitoa Gikomba, kizuri ajabu, kila mteja akiingia anakisifu. Mikono yake ilikuwa sentimita 69 kutoka chini, na droo ya meza yangu inaanzia 64. Kwa hivyo kiti hakiingii, na mimi nikawa napiga hesabu nimeinama mbele kama mtu anayechungulia kisima. Mwezi wa pili bega la kulia likaanza kufa ganzi. Mume wangu akainua meza kwa matofali. Mikono ya kiti ikaingia, lakini sasa ilibidi nipandishe mabega ndio nifikie karatasi. Fundi alikuja kung'oa droo, matofali yakarudi nje. Stapla zangu hadi leo zinakaa kwenye kopo la biskuti.

Bi_Kibokoni:
Mie niko Mombasa, afisi ya mizigo. Changu cha babu, mbao ya msaji, kikalio na mgongo ni henzerani ya kusukwa. Kwa joto hili la kwetu hakuna kiti mfano wake, upepo wapita mgongoni, jasho hulioni. Lakini henzerani ikikatika uzi mmoja tu, ncha yake hushika buibui. Nimetoboa matatu. Mara ya mwisho niliinuka kumpokea mteja, kiti kikanifuata!

Kuna mzee mmoja hapa mtaani asuka bado. Kakaa nacho wiki sita, kila nikenda "kesho inshallah". Lakini kazi yake, mashallah. Kanifunza kuwa ikilegea, niipanguse kwa chini na kitambaa cha maji kisha niiwache ikauke bila kukaliwa. Hujikaza yenyewe.

MbebaBoksi_Aarhus:
Huku Denmark viti vya enzi hizo ni kama dagaa Mwanza. Nilipata kile cha Arne Jacobsen cha mwaka 1955, namba 3117, toleo la ofisini lenye vigurudumu. Kikalio na mgongo ni kipande kimoja cha plaiwudi iliyopindwa, na katikati pana kiuno chembamba kuliko cha miss. Wiki tatu za raha. Ya nne kikaanza kulia krrr kila nikiegemea. Nikakipindua, nikamulika kwa tochi ya simu: ufa kama unywele, palepale kiunoni. Nilitia gundi, haikushika, maana hapo ndipo kiti kinaponesa ukiegemea. Mhuri wa kiwanda cha Fritz Hansen ulikuwepo chini, mwaka umeandikwa, kila kitu halali. Mimi nilisoma mhuri, ufa sikuutazama. Sasa kinabeba chungu cha maua.

NjuguMawe:
Laki nne kiti? Mimi nakalia kreti ya soda na mto, mwaka wa sita.

SeremalaWaKeko:
Mimi niko hukohuko Keko, msituweke wote kapu moja.

Mkuu, kipindue. Chini ya kikalio utaona skrubu nene kama ya jeki ya lori. Ndiyo inayopandisha kiti: unakizungusha, kinapanda. Haina gesi, kwa hiyo hakitashuka chenyewe katikati ya kikao. Ila meno yakilika, nati yake hakuna duka linaiuza, mpaka ukachongeshe kwa fundi wa kukereza vyuma. Shika kikalio, kitikise kulia na kushoto. Kikicheza kidogo, sawa. Kikicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, rudisha hela mfukoni.

Halafu tandika gazeti, gonga kila mguu kwa kiganja. Ukidondoka unga mweupe, bungua yumo bado. Mvule wenyewe hausumbuliwi sana, anakula ile mbao nyeupe ya pembeni ambayo fundi mvivu aliiacha. Na miguu minne hiyo, usiinamie kona kuokota kalamu, kitakumwaga. Viti vya siku hizi vimewekewa mitano kwa sababu hiyo.

MchoraRamani_Upanga:
Mrejesho. Nimerudi na futi, tochi na gazeti la jana. Muuzaji akaniuliza kama natoka TBS. Nilipomsomea historia ya mzee Karani, akasema 1974 si mwaka, ni namba ya stoo. Nikamwacha.

Gazeti limebaki safi. Skrubu inacheza kidogo. Mikono sentimita 66, na meza yangu haina droo, uwazi wake ni 70. Nikaomba nikikalie, nikakaa dakika 40, mpaka akaagiza chai. Kwenye dakika ya 25 ukingo wa mbele ulianza kunikata nyuma ya mapaja. Tukakishusha mizunguko miwili, ukaacha.

Tumemalizana laki na themanini. Kinalia nikigeuka kushoto tu. Fundi, nipake grisi au mafuta ya cherehani?

SeremalaWaKeko:
Grisi. Mafuta ya cherehani yatakudondokea kwenye hiyo terazo yako.