Naomba ushauri: sebule inayopigwa na jua la magharibi, Tabora

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari. Nasomea usanifu wa ndani, sasa niko likizo nyumbani Tabora. Mradi wa chuo unataka chumba halisi, na shangazi amenipa sebule yake: futi 12 kwa 14, paa la bati, dirisha moja kubwa linalotazama magharibi. Septemba na Oktoba, saa tisa alasiri hapakaliki.

Shangazi anataka dari ya jipsamu ya ngazi ngazi na mapazia mazito. Mapazia sikatai, ila jua likishapita kwenye kioo joto limeshaingia ndani. Kivuli kinatakiwa kianzie nje. Nawaza fremu ya vibao vya mninga vilivyolazwa mshazari mbele ya dirisha. Mninga haupindi ovyo na mchwa hawaushambulii kirahisi, tena mafundi wetu wanaujua vizuri.

Waliowahi kufanya hivi: kwa jua kali kisha mvua za Novemba, nipake vanishi au mafuta ya kitani? Vibao viachane kiasi gani ili upepo upite? Na dari je, nimwambieje shangazi isishushwe sana bila kumvunjia heshima? Nyumba ni yake, lakini nataka akae humo kwa raha.