Mjadala: Roboti inayosimamishwa na jairo, je, inatembea?

Fundi Kayole
Rasimu ya kanuni za mashindano ya roboti za miguu, ambayo vilabu vya michezo ya kompyuta hapa Nairobi vinataka kuyafanya ndani ya Space Engineers, mchezo wa kujenga mashine kwa bloku, ina vifungu viwili visivyopata muafaka: kupiga marufuku jairo (bloku ya kuzungusha na kusawazisha mwili), na kupiga marufuku skripti (programu fupi zinazoendesha mashine). Naunga mkono vyote viwili.

Jairo huzungusha kiwiliwili bila kushika popote. Mwili ukilalia kushoto, inaurudisha wima hata kama wayo umetua pabaya. Atakayeshinda ni aliyerundika jairo kifuani, si aliyepanga nyonga, magoti na vifundo sawasawa. Mabamba ya sumaku chini ya nyayo yanatosha: yakijifunga ardhini, wayo hautelezi, na uzito wote unapita mguuni.

Bawaba ya Umoja
Ndugu yangu, jairo haibebi hata kilo moja. Inazungusha tu, haiinui kitu. Kinachobeba mwili kwa siri ni injini za msukumo zilizofichwa mapajani, na hizo ndizo za kukataza.

Tena, mashindano yakifanyika Mwezini, kanuni zitaje jenereta za uvutano. Uvutano bandia hupungua kadiri ule wa asili unavyoongezeka, na hukoma kabisa kwenye 0.5 g (g moja ni uvutano wa Dunia), kwa hiyo kwenye sayari ya 1 g hauna athari. Kwenye Mwezi wa mchezo huu ni 0.25 g tu, hivyo nusu ya nguvu yake ipo. Mtu anaweka jenereta na bloku za uzito bandia, roboti inabebwa huku miguu ikichezacheza kwa maonyesho. Mkaguzi anayesaka jairo peke yake atampitisha.

Nyonga Imara
Sumaku si jibu rahisi hivyo, Fundi. Nyayo mbili zikifungwa kwa pamoja, roboti na ardhi vinakuwa mnyororo uliofungwa pande zote. Nyonga ikisogea nyuzi moja isiyolingana na kifundo, bawaba zote sita zinashindana kwa nguvu zao zote. Fizikia ya mchezo inashindwa kuzipatanisha, mwili unatetemeka, kisha vipande vinaruka. Hiyo ndiyo Klang ambayo kila mjenzi anaiogopa.

Utaratibu unaoiacha roboti nzima ni huu. Simamisha bawaba zote, kasi iwe sufuri. Funga wayo wa mbele. Fungua wa nyuma. Hapo ndipo nyonga zisogezwe. Bamba la wayo ulio hewani lizimiwe kujifunga lenyewe hadi mwisho wa hatua, la sivyo linanasa mwamba njiani. Nguvu ya kuzungusha ya bawaba ishushwe hadi kiasi kinachotosha kuinua mwili, ili zikikosana zilegee badala ya kuvunja kitu. Washa pia chaguo la bawaba kushirikiana inesha, yaani ukinzani wa kubadili mwendo. Linahitaji hali ya majaribio iwe imewashwa. Goti likinepa chini ya mzigo, ongeza breki ya bawaba kwanza.

Na kifundo! Nyonga ikienda mbele nyuzi 20 na goti likikunjwa nyuma nyuzi 40, kifundo lazima kirudishe nyuzi 20 ndipo wayo ubaki sambamba na ardhi. Wajenzi wanapanga nyonga na goti kwa uangalifu, halafu wanaacha kifundo kimekazwa. Wayo unatua kwa ncha, bamba halishiki, na hapo jairo inaitwa kuokoa kazi. Ningeiruhusu jairo, lakini iwe na kipimo.

Dada wa Roysambu
Mimi skripti ndizo zinazonikera. Kwenye konsoli, zile mashine za michezo kama Xbox na PlayStation, hazifanyi kazi kabisa, kwa hiyo kuziruhusu ni kuwaambia vijana wa vilabu vyenye konsoli waje kutazama.

Wala hazihitajiki. Chukua mguu wa gridi kubwa (saizi kubwa ya bloku) wenye bloku 6 kutoka nyonga hadi wayo. Bloku moja ni mita 2.5, basi mguu ni mita 15. Nyonga ikitoka nyuzi 20 nyuma hadi 20 mbele, hatua inapita mita 10 kidogo. Bloku ya taima, inayoamsha kitendo baada ya muda uliowekwa, haipokei chini ya sekunde 1, kwa hiyo gawa safari ya mguu vipande viwili vya sekunde moja moja: goti likunjwe katika cha kwanza, linyooshwe katika cha pili. Mzunguko 1 kwa dakika ni nyuzi 6 kwa sekunde. Nyonga basi inataka kasi ya mizunguko 3.3 kwa dakika, goti 6.7. Ongeza sekunde moja ya kufunga na kufungua sumaku kama alivyoeleza Nyonga Imara, unapata karibu mita 3.4 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa heshima, na haukuandikwa mstari hata mmoja wa kodi ya kompyuta.

Mwalimu wa Kodingi
Hesabu yako ni sahihi, dada, kwenye uwanja tambarare. Taima haisikii ardhi. Mlimani wayo wa mbele unagonga kabla ya wakati, mteremkoni haufiki. Taima inaendelea tu, inafungua wayo wa nyuma, na roboti inaanguka. Skripti inasoma pembe za bawaba na hali ya sumaku mara 60 kwa sekunde, au mara 6 ukitaka kuipunguzia seva mzigo, na haifungui mguu mpaka mwingine ushike.

KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala nchini Kenya, iliidhinisha mtaala wa kodingi mwaka 2022. Skripti za mchezo huu ni C#, lugha ya kazi halisi. Kwa nini tumnyime mwanafunzi nafasi ya kuona kodi yake ikisimama kwa miguu?

Dada wa Roysambu
Mwalimu, asinyimwe. Awekewe daraja lake. Konsoli zina bloku ya matukio, inayoweza kusubiri pembe ya bawaba ifike ndipo iamshe hatua inayofuata, kwa hiyo hatujafungwa kwenye taima tupu. Ila kutuweka mstari mmoja na kodi inayosoma mara 60 kwa sekunde si haki.

Fundi Kayole
Hoja ya Bawaba ya Umoja kuhusu uzito naikubali. Kipimo cha jairo napendekeza kiwe hiki: roboti isimame kwenye mteremko wa nyuzi 15, wayo mmoja umefungwa, jairo zote zizimwe kwa sekunde 10, kisha irudiwe kwa mguu wa pili. Isipoanguka, ishindane na jairo zake. Injini za msukumo na jenereta za uvutano ziondolewe kabisa, hata zilizozimwa. Kuhusu skripti bado nasema hapana, mpaka aonekane msimamizi wa kuendesha madaraja mawili siku moja.

Nyonga Imara
Nyuzi 15 sawa, lakini roboti ipimwe goti likiwa limekunjwa nyuzi 40. Mguu ulionyooka unasimama hata kwa goti lenye breki dhaifu, na hilo halituonyeshi kama breki zinaweza kubeba mwili.