Majibu ya kipimo cha mtoto yameandikwa SCN1A, ndo nini?

Mjomba_Nachingwea: Wakuu habari za jioni. Mtoto wa dada angu ana degedege toka hajatimiza mwaka, akipata homa tu anaanguka na safari zingine inapita nusu saa, malaria akipimwa hana. Sampuli ikatumwa nje, majibu yamekuja kwenye simu, kimombo kitupu, nachoona ni SCN1A kwa herufi zilizolala halafu "de novo". Hiyo ni namba ya ugonjwa au? Maana upande wa baba wanasema ni kifafa cha ukoo wetu na mi ndo mjomba mtu, nimeitwa kikao Jumamosi.

Tabibu_Mikindani: Pole mjomba. Hilo ni jina la jeni, iko kromosomu ya 2. SCN ni milango ya sodiamu kwenye seli za neva, 1 ni aina ya kwanza, A ni alfa yaani kile kipande chenye tundu lenyewe. Jeni za binadamu huandikwa hivo, kubwa zote tena zimelala, ukikuta Scn1a ujue wanaongelea panya. Ikiharibika, seli zinazotuliza ubongo ndo zinalegea. Ila jina la jeni peke yake halitoshi, kuna watoto inawaletea degedege la homa tu na kuna inayofika Dravet, kifafa kikali cha utotoni, ile aliyoieleza daktari Charlotte Dravet wa Ufaransa mwaka 1978. Joto linaichokoza, hata maji ya moto ya kuoga.

Kusini_Damu: mpelekeni kwa fundi, hayo sio ya hospitali

Mjomba_Nachingwea: Fundi tulishaenda, kala jogoo na hela na degedege liko palepale.

Binti_Mmwera: 😂 Mjomba, kama baba na mama walipimwa pia, de novo maana yake mabadiliko yameanzia kwa mtoto mwenyewe, damu ya wazazi haina. Dravet nyingi ziko hivo. Nenda nayo hiyo karatasi kikaoni, ukoo wenu hauhusiki na wao pia hawahusiki.

Tabibu_Mikindani: Anatumia dawa gani?

Mjomba_Nachingwea: Karbamazepini asubuhi na jioni, na naona ndo degedege linazidi.

Tabibu_Mikindani: Hapo sasa. Hiyo dawa inaziba milango hiyohiyo ya sodiamu ambayo kwake tayari ni dhaifu, kwenye Dravet huwa inazidisha, fenitoini vilevile. Lakini msimkatishe wenyewe ghafla, degedege linaweza kugoma kukata kabisa. Kesho asubuhi mpelekeni kwa daktari wake na hayo majibu, mwambieni SCN1A, atajua cha kubadilisha. Kikao kitasubiri.

Mjomba_Nachingwea: Nampigia dada saa hii.