Naomba ushauri: mapishi ya Idd na mwezi usiotabirika

Asalaam aleikum ndugu zangu. Wageni ni 30, jiko ni la plate mbili, na kazi yote inategemea mwezi ukiandama tarehe 29 au la.

Vitunguu vya biriani, kilo 4, nitavikaanga tarehe 27. Ni kukaanga kidogo kidogo. Ukijaza karai vinatoa maji na kuchemka badala ya kuwa hudhurungi. Vipoe kabisa kwanza ndipo vitiwe mkebeni, maana mvuke huvilainisha. Soko la Kongowea ni alfajiri ya tarehe 28. Tarehe 29 msongamano hauna mfano.

Nyama ya mbuzi kilo 5 ndiyo inayonitatiza. Mtindi, tangawizi na thomu havina neno kukaa siku nzima kwenye friji. Papai bichi ndilo la hatari: mwezi usipoonekana, nyama inaongeza siku ndani yake na kuwa rojo. Kwa hiyo papai nitalitia baada ya tangazo la Kadhi Mkuu, vijiko 2 vya chakula tu. Lakini usiku ule ule kuna mahamri ya unga kilo 2, na kwa joto letu hili unga ukiumuka hadi asubuhi unachacha.

Je, aliyewahi kugandisha mahamri mabichi yaliyokwisha kukatwa, yalifura vizuri kwenye mafuta? Au ni bora kuyachoma nusu, kisha kuyamalizia baada ya swala? Na mchele kilo 3 mnauchemsha saa ngapi?