Naomba ushauri: zeolaiti yangu inachoka haraka
Wakuu, habari za kazi. Kwenye utafiti wangu wa uzamili nageuza ethanoli ya molasi kuwa haidrokaboni za aina ya petroli. Nilianza na silika tupu yenye vitundu, MCM-41. Bila alumini haina asidi ya kutosha, sikupata kitu. Nikahamia ZSM-5, ndiyo zeolaiti yangu (kichocheo cha silika na alumini chenye vitundu vidogo sana), nyuzi 400 za Selsiasi. Tone la kwanza la mafuta lilinifurahisha mno!

Shida, baada ya saa chache kaboni inaziba vitundu (ni vya nanomita 0.55 hivi) na inabaki kutoka gesi ya ethilini tu, si mafuta. Nikiichoma kaboni hiyo kwa hewa, nyuzi 550, kichocheo kinafufuka, ila kila mara dhaifu zaidi. Nahisi mvuke wa maji unang'oa alumini inayokipa asidi. Nipunguze alumini, au nitafute fuwele ndogo zaidi? Zimebaki gramu 12 tu.